Zamu ya Jogoo

Basi la Burgos liliniacha kwa dakika nne,
nikabaki na siku nzima mkononi
kama chenji usiyoiomba.
Santo Domingo de la Calzada: mji wa barabara moja,
na barabara yenyewe imejaa mahujaji
wanaochechemea, fimbo zikigonga mawe, tko, tko,
malengelenge yao yamefungwa plasta za bluu.

Mnara wa kengele umesimama ng'ambo ya njia,
haugusani na kanisa,
kama ndugu waliogombania urithi
na bado wanaishi mtaa mmoja.

Nikalipa kiingilio, nikapewa karatasi.
Ndani, baridi ya mawe ikanishika shingoni
kama mkono wa mwalimu.
Kaburi la mtakatifu liko chini, na taa hafifu:
mtu aliyekataliwa na watawa wa huku na wa kule,
akaona basi, heri akatengeneze barabara,
akafyeka msitu, akajenga daraja, wengine wapite.
Nilisimama pale kuliko nilivyokusudia.
Nami nimefungiwa milango.
Barabara sikujenga.

Lakini niseme kweli, kilichonizuia ni banda.
Juu ukutani, wakilikabili kaburi,
nyuma ya kioo na nakshi za dhahabu,
jogoo mweupe na tetea mweupe,
wazima, wanadonoa, wanakunya,
ndani ya nyumba ya Mungu.

"Ukimsikia akiwika," alisema Valvanera, aliyekuwa akifagia,
"utafika salama uendako."
"Huwika saa ngapi?"
"Akitaka."

Akaegemea ufagio, akanisimulia:
kijana alinyongwa kwa wizi asioutenda,
wazazi wakaapa bado anapumua kambani,
na hakimu, yuko mezani, akacheka:
"Mtoto wenu ni mzima kama kuku huyu ninayemla."
Kuku akaota manyoya sahanini, akawika.
"Basi huyu ni mjukuu wa yule?"
Alicheka mpaka kuba likamjibu.
"Huyu? Huyu ana wiki moja hapa.
Tunawabadilisha. Wanachoka na taa, wanachoka na watu.
Wa zamu iliyopita yuko shambani kwa shemeji yangu Eutimio,
ananenepa,
hataki tena habari za utakatifu."

Kwetu tunasema jogoo la shamba haliwiki mjini.
Nikaketi kwenye benchi, nikamkazia macho.
Saa nzima.
Akageuka, akanipa mkia.

Njaa ikanitoa. Baa ya kona,
chakula cha siku: kuku wa kuchoma.
Nikaona haya. Nikaagiza viazi kwa soseji,
na mvinyo mwekundu ambao hakuna aliyeuuliza,
uliletwa tu.

Niliporudi, watu walikuwa wakitabasamu
jinsi watu wanavyotabasamu mvua ikikatika.
Amewika! Mara mbili!
Hujaji mmoja, mwanamume mzima, miguu peku,
alilia waziwazi, viatu vyake kwapani.
Na mimi wakati ule
nilikuwa napangusa mchuzi kwa mkate.

Palikuwa na mtoto, Nerea, miaka saba hivi,
meno mawili ya mbele hayapo.
"Aliwikaje?" nikamuuliza kwa Kihispania changu cha kuokoteza.
Akavuta pumzi: "Kikirikiii!"
Sivyo, nikasema. Kwetu jogoo husema kokorikoo.
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa maji ni makavu.
"Kikirikii."
"Kokorikoo."
"Kikirikii!"
Sauti zikapanda na nguzo, moja baada ya nyingine,
bibi mmoja akakohoa kwa maana,
Valvanera akaweka kidole mdomoni, mabega yakimtikisika.
Na juu kule, yule mgeni wa wiki moja
akainamisha kichwa, jicho moja kwetu,
akatusikiliza mpaka mwisho,
kisha akarudia mahindi yake.

Basi la jioni lilichelewa.
Sikuuliza kwa nini.